Unyevu Ghalani: Jinsi ya Kupima Mashine ya Kukausha Hewa

Vyama vilivyo Makorora na kwingineko mjini Tanga vinaifahamu vyema hasara ya unyevu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vitabu vya hesabu huota ukungu, na mahindi yaliyolazwa juu ya sakafu tupu huvunda. Hasara hiyo si ya fedha tu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena, kitabu kilichooza hakimsaidii mkaguzi wala hakimlindi mwanachama aliyelipa hisa zake.

Kamati inayokusudia kununua mashine ya kukausha hewa haina budi kujua kwanza kipimo kinachofaa. Mashine ndogo hula umeme bure. Iliyo kubwa mno hula fedha za wanachama.

Kipimo cha mashine

Mashine hizi hupimwa kwa lita za maji zinazotolewa hewani kwa saa 24. Nyingi huandikwa lita hizo katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali inayokaribiana na ya pwani wakati wa mvua. Nyingine hupimwa katika ubaridi zaidi, nazo huonyesha lita chache ingawa nguvu ni ileile. Kwa hiyo lita zisilinganishwe kabla ya kusoma joto lililoandikwa kando yake.

Hesabu ya chumba

Tuchukue stoo yenye urefu wa meta 6, upana meta 5 na kimo meta 3. Ujazo wake ni meta 90 za ujazo. Katika nyuzi 30, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji kwa kila meta ya ujazo. Ikishushwa hadi asilimia 60, ambapo ukungu hushindwa kukua, hubeba gramu 18. Tofauti ni gramu 6. Hewa yote ya stoo hiyo, basi, ina ziada ya gramu 540 tu, yaani nusu lita na kidogo.

Mzigo mkubwa hutokana na hewa mpya inayoingia. Ikiwa hewa ya stoo hubadilika mara moja kila saa kwa kupitia mianya ya mlango na paa, mashine itatakiwa kutoa gramu 540 mara 24, yaani karibu lita 13 kwa siku. Ikibadilika mara mbili kwa saa, ni lita 26. Zaidi ya hayo, kadiri hewa inavyokauka mashine hutoa maji machache. Karibu na asilimia 60 yaweza kutoa nusu tu ya lita zilizoandikwa. Hivyo mzigo wa lita 13 huhitaji mashine ya lita 26 hivi. Kuziba mianya kwaweza kupunguza gharama hiyo kwa nusu.

Mashine haianiki mazao

Tani moja ya mahindi yenye maji asilimia 16, ikikaushwa hadi asilimia 13, hutoa takriban kilo 34 za maji. Tani 10 zitatoa kilo 340 na zaidi. Hapana mashine ndogo ya chumba iwezayo kazi hiyo kwa wakati. Mahindi yaanikwe kwanza juani, juu ya maturubai. Jaribio rahisi ni kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha kuitikisa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi.

Wajibu wa katibu

Kabla ya kupeleka ombi mbele ya kamati, katibu apime chumba, azibe mianya, aweke chaga za mbao chini ya magunia, na asome kipima unyevu asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Aonyeshe pia gharama ya umeme: mashine ya wati 500 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia uniti 12. Mara nyingi itaonekana kuwa chumba kidogo cha vitabu na mbegu ndicho kinachostahili mashine, na ghala la mazao lahitaji paa zima, chaga na jua.