Gari la umeme lenye kasi kubwa: Faida na hasara zake kwa familia yenye watoto

HAKUNA muungurumo wala moshi. Dereva anakanyaga pedeli, na kabla mtoto aliyeketi kiti cha nyuma hajamaliza kutaja majina yake matatu, gari limefika kilomita 100 kwa saa.

Porsche Taycan Turbo S, iliyozinduliwa mwaka 2019, ilihitaji sekunde 2.8 tu kufikia mwendo huo kutoka kusimama. Zamani kasi hiyo ilikuwa ya magari ya mashindano yenye viti viwili. Leo ipo kwenye magari ya milango minne yanayopeleka watoto shuleni. Je, mzazi anapata nini, na anabeba hatari gani?

Faida

Ya kwanza ni hewa. Gari la umeme halitoi moshi, hata likisubiri foleni kwenye geti la shule. Hilo ni muhimu kwa mtoto, kwani hupumua haraka kuliko mtu mzima na kimo chake humweka karibu na bomba la moshi.

Pili, betri nzito iliyolazwa chini ya sakafu hulifanya gari litulie barabarani na lisipinduke kwa urahisi.

Hasara

Uzito huohuo una gharama yake. Mengi ya magari haya yanazidi tani mbili, hivyo likigonga gari dogo au mtembea kwa miguu, kishindo ni kikubwa. Kuondoka kwa kasi kila mara pia hula matairi, na vumbi la matairi huchafua hewa.

Ukimya nao ni hatari kwa mtoto anayecheza nyuma ya gari. Umoja wa Ulaya umelazimisha magari mapya yote ya umeme, tangu Julai 2021, kutoa sauti ya tahadhari yanapokwenda polepole na yanaporudi nyuma. Gari la zamani lililotumika linaweza kukosa kifaa hicho.

Kuna pia kichefuchefu. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na safari. Gari linaloruka mbele ghafla, kisha kupunguza mwendo mara tu dereva anapoinua mguu, huwazidishia.

Mzazi afanye nini?

• Chagua mpangilio wa uendeshaji wa taratibu mnapokuwa na watoto. Magari mengi haya yanao.

• Kijana akianza kuendesha, weka kikomo cha mwendo. Tesla, kwa mfano, huruhusu kukifunga kwa namba ya siri.

• Zunguka gari kwa miguu kabla ya kurudi nyuma, hata kama lina kamera.

• Mtoto afungwe kwenye kiti kinacholingana na umri na kimo chake, hata safari ikiwa ya kwenda dukani tu.

Hewa safi mtoto ataipata kwenye gari lolote la umeme, hata la bei nafuu. Sekunde hizo 2.8 hazimwongezei afya yoyote.