Kiangazi cha Soksi na Besiboli Marekani

Msomaji wa kwetu ameizoea Marekani moja tu: nchi ya watu wanaokula huku wakitembea, wanaoipima saa kwa fedha, wasioweza kuketi mahali bila kuchungulia simu. Marekani hiyo ipo, lakini haielezi nusu ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba watu haohao hujaza viwanja kutazama mchezo ambao sehemu yake kubwa ni kungoja, na miongoni mwao wapo wanaofika na mfuko wenye donge la uzi wa sufu, sindano za kufumia na soksi iliyokwisha kufika kifundoni. Hoja yangu ni kwamba mfumaji huyo si kioja cha jukwaani. Besiboli ni mchezo wa kukaa nao zaidi kuliko kuukodolea macho, na aliyekuja na kazi ya mikono ameuelewa kuliko jirani yake anayepiga miayo.

Tuanze na mwanga. Kwetu sisi wa karibu na ikweta jua halina ubishi: linachomoza kwenye saa 12 na kuzama kwenye saa 12, mwaka nenda mwaka rudi. Kule Seattle, pembeni kabisa kaskazini-magharibi, mchana wa Juni huchukua karibu saa 16, na saa 3 usiku mtu bado anaweza kusoma gazeti nje ya nyumba yake. Shule zimefungwa. Kwa desturi, kiangazi huhesabiwa tangu Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu yao ya wafanyakazi. Besiboli imejaza mwanga huo wote na kupita mipaka yake. Ligi kuu ina timu 30, na kila timu hucheza michezo 162 katika miezi 6, yaani karibu kila siku. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara hucheza michezo 30 kwa msimu mzima, na kila mmoja huzua mabishano ya wiki nzima. Ukiwa na michezo 162, hakuna ubishi wa namna hiyo. Aliyefungwa leo atacheza kesho na keshokutwa, na shabiki hujifunza kutopandwa na presha.

Mchezo wenyewe si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto. Asiyeujua na ajue haya: timu mbili hupokezana kupiga na kuzuia, duru 9, mtupaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kwenye vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Kati ya mrusho na mrusho hakuna kinachotendeka. Mtupaji anafuta jasho, mdakaji anaonyesha ishara kwa vidole, mpigaji anarekebisha glavu. Mwaka 2013 gazeti la Wall Street Journal lilipima kwa saa, likakuta kwamba katika mchezo wa saa tatu hivi, muda wa vitendo hasa ulikuwa dakika zipatazo 18. Wanaoubeza mchezo huo huifurahia hesabu hiyo. Mimi naiona ndiyo maelezo ya soksi. Wanawake wa Pemba wanaosuka ukili barazani hawaachi kusikia hata neno moja la mazungumzo. Mikono ina njia yake na masikio yana yake. Soksi nayo imegawanyika vizuri kwa kazi ya namna hiyo. Sehemu ya mguu ni mizunguko tu ya vitanzi sitini na kitu, sawasawa, na vidole vilivyozoea huimaliza bila jicho. Kisigino ndicho kinachodai akili, kwa sababu hapo mfumaji anageuka nyuma, anaacha vitanzi, anavirudia kwa hesabu. Mwenye busara hukiacha hadi timu zinapobadilishana zamu. Na kwa nini soksi, si sweta? Kwa sababu ya joto. Mwezi wa Agosti huko Chicago hakuna anayetaka kufunikwa mapaja na sufu, lakini soksi ni ndogo, inaingia mfukoni, na Desemba itakuwa tayari.

Anayedhani vitu hivi viwili vimekutanishwa kwa bahati tu, atazame majina. Timu ya kwanza iliyowalipa wachezaji wake waziwazi, mwaka 1869, ilitoka Cincinnati na ilijulikana kwa soksi zake ndefu nyekundu. Mpaka leo timu ya Boston inaitwa Red Sox na moja ya timu mbili za Chicago inaitwa White Sox. Halafu upasue mpira wenyewe. Kiini chake ni gome la koki lililofunikwa kwa raba. Juu yake huviringishwa tabaka tatu za uzi wa sufu, kisha uzi mwembamba, jumla yake mita zipatazo 340, ndipo inapokuja ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya jozi. Kazi hiyo hufanyika Turrialba, mji wa Costa Rica. Jozi moja ya soksi za mtu mzima hula gramu 100 za uzi, kama mita 400. Kwa hiyo aliyeko jukwaani na aliyeko uwanjani wameshika karibu uzi uleule. Katika kiangazi cha 1918 mambo haya yalikutana kwa uchungu: askari walihitaji soksi kavu kwenye mahandaki ya Ulaya, ambako miguu iliyolowa ilioza, Msalaba Mwekundu ulihimiza wananchi kufuma, Rais Wilson alifuga kondoo kwenye bustani ya Ikulu na sufu yao ikauzwa kuuchangia. Msimu wa besiboli ulikatizwa mapema Septemba, maana serikali iliwataka vijana wafanye kazi za vita au waende vitani.

Wapo wanaosema kufuma mchezoni ni dharau. Mtu akitoa tiketi ya fedha nyingi, basi atazame. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu katika kandanda, ambapo goli huingia ukiwa umeinama kufunga kamba ya kiatu. Besiboli ina mapokeo ya watazamaji wanaofanya kazi. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Exeter, Uingereza, ndiye aliyeendeleza majedwali ya takwimu za mchezo huu katika karne ya 19, na hadi leo utawaona wazee wenye penseli wakiandika kila mrusho: K kwa mpigaji aliyetolewa kwa kukosakosa, K iliyogeuzwa kwa aliyeduwaa bila kuzungusha gongo. Kuhesabu vitanzi na kuhesabu mirusho ni tabia ya watu wa aina moja. Klabu zenyewe zililiona hilo: mwaka 2005 Seattle Mariners waliwatengea wafumaji siku yao uwanjani, na klabu nyingine zikaiga. Pingamizi la kweli ni la usalama, kwa kuwa mpira uliopigwa vibaya huruka jukwaani kwa kasi ya kuvunja taya. Hapo sina utetezi, ila kutaja kwamba kufikia 2020 klabu zote 30 zilikubali kurefusha nyavu za kinga, na kwamba mfumaji mwenye akili hukaa nyuma yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama Wamarekani wanaupenda utulivu huo, mbona wameupunguza? Mwaka 2023 ligi iliweka saa inayomlazimisha mtupaji kurusha ndani ya sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, na wastani wa mchezo ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Televisheni nayo imekwisha kutawaliwa na mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana. Nakiri kwamba hofu ya kumpoteza kijana ndiyo iliyoleta saa hiyo. Lakini kilichobanwa ni pumzi kati ya mirusho. Mwisho wa mchezo haujafungwa na saa yoyote. Hakuna dakika ya 90 wala kipyenga cha mwisho, na anayeongoza hawezi kujiangusha ili muda uishe, ugonjwa tunaoujua sana sisi. Mwaka 1981 huko Pawtucket, Rhode Island, timu mbili za daraja la chini zilicheza mpaka saa 10 alfajiri, duru 32, wakabaki watazamaji 19 kwenye baridi. Mchezo uliahirishwa hadi Juni, na duru ya 33 ikaumaliza kwa dakika 18.

Linabaki la fedha, nalo siliruki. Soksi za dukani ni rahisi kuliko uzi wa kuzifumia, na kwenye uwanja kama Fenway Park wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1912, kiti kizuri ni anasa kwa mfanyakazi wa mshahara wa kawaida. Ingekuwa viwanja hivyo ndivyo pekee, ningekubali kwamba tunaeleza burudani ya wenye nafasi. Ila chini ya ligi kuu ziko klabu 120 za kulea wachezaji, nyingi katika miji ambayo ramani zetu haziitaji, na huko familia nzima huingia bila kukopa. Hapo ndipo wafumaji wengi wanapokaa kwa raha, na mara nyingi donge la uzi lililo mfukoni ni ghali kuliko tiketi.