Alama ya Bomba, Si ya Mtu

Wenzangu wengi hutumia simu kuwatangazia rafiki mahali walipo, leo sokoni, kesho Lilongwe. Alama hiyo hiyo ya mahali yaweza kuifanyia shule yetu kazi kubwa zaidi.

Simu hupokea ishara za setilaiti. Ikizipata za setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu ikajua ilipo, nayo hukosea kwa meta chache tu mahali palipo wazi. Chini ya bati hukosea zaidi. Kazi hiyo haihitaji bando. Bando ni la kumpelekea mwingine habari.

Mwaka 2009 Wamarekani walianzisha Foursquare, na aliyefika mahali mara nyingi kuliko wenzake akaitwa meya wa hapo. Mchezo tu! Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walifanya la maana zaidi. Kuanzia mwaka 2015, katika kazi iitwayo Ramani Huria, walizunguka kata zenye mafuriko wakiingiza mitaro na njia katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuitazama na kuiongeza.

Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumepita 50,000. Maji na kuni ni shida ya kila siku. Ukimwambia fundi kwamba bomba linavuja nyuma ya madarasa, atauliza, madarasa yapi? Mpelekee picha pamoja na alama ya mahali, naye atakuja na spana yake moja kwa moja. Miche nayo husahauliwa. Siku ya kupanda watu ni tele, lakini mwezi wa Septemba, jua likiwaka, nani aikumbukaye? Kwa kuwa simu haiwezi kutenga miche iliyokaribiana, tuweke alama moja kwa kila safu, na kila mche tuuchomekee kijiti chenye namba.

Lakini nyumba ya mtu isiwekwe alama kamwe. Wengi wetu tuliwakimbia watu wabaya, na mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokaa Lilongwe na miji mingine warudi Dzaleka. Kabla ya kupeleka picha ya bomba, tazama kama kuna sura ya mtu nyuma yake. Na katika WhatsApp peleka mahali ulipo kwa wakati huo tu. Ile njia nyingine yaweza kukufuata muda wa saa 8.