Beringi Imeng'ang'ania kwenye Land Rover ya Zamani? Gonga Unachotupa, Usigonge Unachobakiza

Somo la leo ni la fundi wa gereji ya chini ya mti, na pia la mwenye gari la kubeba mzigo. Hawa wawili wakikosana, zinalala biashara mbili kwa mpigo.

Tuanze na hali unayoijua. Una gereji yako njia panda ya Nyamwage, pale barabara ya Utete inapoachana na barabara kuu ya kwenda Lindi. Asubuhi inaingia Land Rover 109 Series III, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Imebeba magunia ya ufuta. Tairi la nyuma linanguruma na habu imepata moto hadi huwezi kuishika. Mwenyewe anasema, "Fundi wangu, weka beringi tu, saa sita niwe njiani."

Unafungua. Tairi limetoka, drami haitoki. Drami imetoka, habu haitoki. Habu imetoka, pete ya beringi imebaki kwenye ekseli kama imechomelewa. Mkono unaenda kwenye nyundo kubwa.

Hapo hapo simama.

Beringi ni kitu cha kununua, kutumia na kutupa. Ekseli ya gari la miaka ile hupati duka la jirani. Ukiivunja au ukiua nyuzi zake, kazi ya nusu siku inageuka kuwa siku kadhaa za kutafuta spea Dar es Salaam, huku gari la watu limelala kwako juu ya magogo na ufuta haujafika ghalani. Halafu linakuja lile swali: nani analipa?

Kwa hiyo shika kanuni moja: gonga unachotupa, usigonge unachobakiza.

JUA KWANZA NANI KAMSHIKA NANI

Mwisho wa ekseli ya nyuma kuna bomba nene lisilozunguka. Tuliite stabu. Ndani yake inapita shafti inayozungusha tairi, na juu yake inakaa habu. Habu inazunguka kwenye beringi mbili za rola za mteremko, moja ya ndani na moja ya nje. Kila beringi ina vipande viwili: pete ya ndani yenye rola, inayokaa kwenye stabu, na pete ya nje, iliyobanwa ndani ya habu. Nyuma kabisa kuna sili ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie.

Sasa kitu kikigoma, ujue kuna moja kati ya sababu tatu.

Ya kwanza, bado kuna kitu kimefungwa. Skrubu moja ya drami imesahaulika, au breki shu zimeng'ata ukingo wa drami iliyolika.

Ya pili, kutu. Huku kwetu hii ndiyo kubwa. Habu ikiwa ya moto, hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukiingiza gari kwenye maji ghafla, hewa inapoa na kunywea, halafu habu inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Ukifungua ukakuta grisi nyeupe kama uji, maji yaliingia. Yakiwa ya chumvi, ya upande wa delta, kutu inakimbia zaidi. Gari lililokatiza maji wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, kisha habu zake hazijafunguliwa mpaka leo, usishangae likikugomea.

Ya tatu, moto. Grisi ikiisha, rola zinakwama, na pete ya ndani inaanza kuzunguka juu ya stabu badala ya kutulia. Inajisugua hadi inang'ang'ania.

Sababu ya kwanza dawa yake ni macho, ya pili ni subira, ya tatu ni akili. Nyundo kubwa haimo.

FUNGUA KWA MPANGILIO

1. Egesha kwenye ardhi ngumu. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, maana hand breki ya gari hili inashika shafti kubwa inayotoka giaboksi, na tairi moja la nyuma likiwa juu haikusaidii. Shusha mzigo. Pandisha kwa jeki, kisha kalisha ekseli kwenye stendi au gogo zito. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake.

2. Legeza adjasta ya breki, ile ya nyuma ya sahani, ili shu ziachie drami. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanapasua drami.

3. Fungua skrubu tatu za drami. Ikigoma, weka bisibisi imara kwenye skrubu na uigonge kichwani mara kadhaa kabla ya kuzungusha. Mshtuko unavunja kutu. Drami yenyewe igonge kwa nyundo ya mbao au ya plastiki ukiizunguka pande zote, si sehemu moja.

4. Weka karai chini, maana oili ya difu inaweza kutoka. Fungua bolti sita za flenji na uivute shafti nje.

5. Nyoosha ile washa iliyokunjwa kufunga nati mbili kubwa, kisha zifungue kwa boksi spana ya milimita 52. Huna? Mchomeleaji anaweza kukutengenezea kwa bomba na ukaitumia miaka. Kuzungusha nati hizi kwa tindo kunatafuna kingo zake, na tindo ikiteleza inaua nyuzi za stabu.

6. Vuta habu. Ikikataa, rudisha nati moja kubwa nyuzi chache tu, ili habu isikudondokee. Kisha rudisha tairi kwenye habu, funga nati zake tano, shika tairi juu na chini, ulitikise huku na huku ukivuta. Kipenyo cha tairi ndiyo nguvu yako. Habu nyingi hutoka hapa bila kugongwa hata mara moja. Ikisogea hadi kwenye nati, toa tairi, toa nati, malizia kwa mikono.

Onyo ambalo si la utani: usipige gesi kwenye habu au nati huku tairi lenye upepo limefungwa. Hewa ya ndani inatanuka, mpira unaungua kwa ndani, na tairi linaweza kulipuka na kuua mtu.

PETE IMEBAKI KWENYE STABU

Anza na njia laini, panda taratibu.

Lowesha. Paka mafuta ya kulainisha kutu pale pete inapokutana na stabu, gonga stabu kidogo kidogo kwa nyundo laini, uache. Ukiweza, acha ilale. Usiku mmoja wa mafuta unaweza kukuokolea asubuhi nzima ya kutoka jasho.

Vuta. Pula ya miguu miwili au mitatu ikipata pa kushika nyuma ya pete, hiyo ndiyo njia bora. Kaza, gonga kichwa cha pula kidogo, kaza tena. Kama huna pula, tumia nondo mbili bapa, moja kila upande, ukisukuma kwa pamoja. Ukisukuma upande mmoja, pete inalala na kubana zaidi.

Tanua. Chuma kikipata joto kinaongezeka. Pete ya milimita 50 ikipanda nyuzi joto 70 inatanuka kama milimita 0.04. Ni kidogo, lakini pete nayo imebanwa na kitu kidogo kama hicho. Zungushia kitambaa kwenye pete, mimina maji yanayochemka, na uvute haraka kabla stabu nayo haijapata joto. Maji hayaharibu stabu kama mtungi wa gesi unavyoweza. Ila vaa glavu na viatu.

Kata. Hii ndiyo ya mwisho. Kwa grenda, chora mfereji wa mshazari kwenye pete hadi karibu itoboke, usifike kwenye stabu. Kisha weka tindo kwenye mfereji na ugonge mara moja kwa nguvu. Pete inapasuka na kuachia. Chuma cha beringi ni kigumu na hupasuka kama kigae, kwa hiyo miwani ni lazima, na watoto na wateja wakae mbali. Kabla ya kuwasha grenda, futa mafuta uliyolowesha na sogeza kopo la petroli. Cheche hazichagui.

Umeona? Pete tunaikata kwa sababu inaenda kutupwa. Stabu hatuigusi kwa sababu inabaki.

PETE YA NJE NDANI YA HABU

Ingiza kipande cha shaba au chuma laini kutokea upande wa pili, gonga ukingo wa pete kulia, kisha kushoto, kisha juu, kisha chini. Itembee sawasawa. Ikigoma kabisa, mchomeleaji anaweza kupitisha mstari wa kuchomelea juu ya sehemu ya ndani ya pete, pale rola zilipokuwa zinapita. Chuma hicho kikipoa kinasinyaa na kuivuta pete, na mara nyingi inatoka kwa mkono.

KABLA YA KURUDISHA, ANGALIA STABU

Safisha na uitazame kwenye mwanga. Ina rangi ya bluu au zambarau? Ilipata moto mkali, usiiamini. Ina ufa, au pete mpya inacheza juu yake? Ibadilishwe. Ule ujanja wa kupiga vidoti kwa panchi, au kuzungushia bati la kopo la soda ili pete ibane, ni kumuuzia mteja ajali. Tairi likichomoka na mzigo juu kwenye lami, halichomoki peke yake. Linaondoka na jina lako, na pengine na roho ya mtu.

Pete ya ndani na ya nje lazima zitoke kwenye boksi moja. Usichanganye mpya na ya zamani kwa kubana matumizi. Sili nayo iwe mpya, siku zote. Na kama breki shu zimelowa oili, zibadilishwe.

Pete ya nje iweke kwenye friza la muuza samaki, ndani ya mfuko mkavu, kwa saa moja au mbili. Inasinyaa na kuingia kwa urahisi. Grisi isukume kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa rola, si kupaka juu juu. Kaza nati huku unazungusha habu ili rola zikae, kisha ilegeze na uiweke kwenye nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukibana sana, beringi itaungua tena. Kunja washa mpya. Endesha kilomita chache, simama, gusa habu. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, rudi ufungue.

SASA TUONGEE PESA

Fundi, kosa kubwa liko mdomoni kabla ya kufika mkononi: kukubali bei ya "beringi tu" kabla ya kufungua. Sema mapema: "Ikitoka vizuri, bei ni hii. Ikiwa imeng'ang'ania, inaongezeka hivi, na gari linaweza kulala." Tuseme kazi ya kawaida ni shilingi 40,000 na ya kukata pete ni 60,000. Mteja akisikia asubuhi, ni makubaliano. Akisikia jioni, ni ugomvi. Piga picha kila hatua, mwoneshe pete iliyoungua. Pula na ile spana ya 52 havikai siku bila kukurudishia pesa yako.

Mwenye gari, nawe usimkimbize fundi. Haraka yako ya saa sita ndiyo inayoita nyundo. Kama umekatiza maji, fungua habu mvua zikiisha, ubadilishe grisi kabla beringi haijaimba. Na ukifika kwenye maji na habu za moto, simama kwanza zipoe.

Gari hizi zilivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na zingine bado zinalisha familia. Zinachotaka ni fundi anayejua cha kutupa na cha kubakiza.

Mtumie fundi wako somo hili. Na kama una mbinu ya pete iliyogoma, tuandikie hapo chini, wenzako wajifunze.