Vumbi Kwenye Negativu: Pulizeni, Msifute



Mama mmoja hapa Kenyenya alituletea negativu za zamani zilizofungwa kwa karatasi ya mkate. Ndani yake ilikuwamo picha pekee ya marehemu mzee wake. Sisi, kwa nia njema, tulizifuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzipeleka saiba kuskaniwa. Picha ilipotoka, mstari mweusi ulikuwa umekata uso wa mzee. Vumbi la barabara ya murram ni mchanga mdogo mdogo. Tukidhani tunafuta, kumbe tunakwaruza, na mkwaruzo haufutiki. Kosa lilikuwa letu, ndiyo maana tunawaandikia.

Mbona chembe ndogo iwe shida kubwa? Negativu ya kawaida, ile ya milimita 35, ina picha ya milimita 24 kwa 36 tu. Mkiikuza hadi karibu sentimita 29 ni mara nane, na vumbi nalo linakua mara nane! Huonekana kama madoa meupe, maana vumbi huzuia mwanga, kisha kompyuta hugeuza penye giza pakawa peupe.

Fanyeni hivi:

1. Chagueni siku iliyonyesha. Msifagie. Fungeni madirisha ya upande wa barabara, nyunyizeni maji sakafuni, mngoje vumbi litulie.

2. Naweni mikono, ikauke kabisa. Shikeni negativu kwenye kingo tu. Mafuta ya vidole hushika vumbi.

3. Pulizeni kwa kile kipampu cha mpira cha kuvutia kamasi ya mtoto, lakini kiwe kipya na kikavu. Msipulize kwa mdomo, mate huacha alama.

4. Vumbi likikataa kutoka, tumieni brashi safi, laini sana, polepole bila kukandamiza. Upande usiong'aa ndio wenye picha, kwa hiyo huo muuhurumie zaidi.

5. Mwombeni mwenye saiba apanguse kwanza kioo cha mashine. Negativu safi kwenye kioo kichafu ni kazi bure.

Msizioshe kwa maji nyumbani. Upande wa picha umepakwa gelatini, nayo ikiloa huvimba na kuwa laini. Zilizogandana pia msizibandue kwa nguvu. Mwoneni kwanza fundi wa picha.

Mkimaliza, wekeni kila ukanda katika bahasha safi ya karatasi, mbali na moshi wa jikoni. Msifunge ndani ya nailoni, maana unyevu wa huku kwetu huleta ukungu. Juu ya bahasha andikeni majina ya waliomo, kabla hamjaingiza negativu.

Basi kikundi kitenge siku moja, na wazee waitwe wawatambue watu kwenye picha zikishatoka. Kipampu kimoja kinatosha kikundi kizima. Uso wa mzee yule hatuwezi kuurudisha, lakini wa wazee wenu bado mnaweza kuulinda.