Filamu za Krismasi na mama anayetaka mkwe

Novemba 2013, filamu ya The Best Man Holiday iliingia kwenye kumbi za Marekani na kuvuna karibu dola milioni 30 wikiendi ya kwanza, nyuma kidogo tu ya Thor: The Dark World. Inahusu marafiki weusi wa chuo wanaokutana tena wakati wa Krismasi nyumbani kwa mmoja wao. Watoto wanakimbizana, ugomvi wa zamani unafufuka, na mama mwenye nyumba, Mia, anaugua saratani. Lakini gazeti la USA Today, likitangaza mauzo hayo, liliihesabu kati ya filamu “za mada ya rangi”. Lawama zikamiminika, kichwa cha habari kikabadilishwa.

Neno lile linaniuma hadi leo. Wazungu wakikaa mezani siku ya Krismasi, tunaambiwa hiyo ni filamu ya familia. Weusi wakikaa kwenye meza kama hiyo, tayari ni suala la rangi.

Hallmark, ambao chaneli yao imejaa mapenzi ya Krismasi kila mwaka, walianza kuwauzia Wamarekani weusi kadi za Mahogany mwaka 1987. Filamu za jina hilo zilianza kuonyeshwa 2022. Fedha ya mteja ilipokewa miaka 35 kabla ya hadithi yake.

Na sura nyeusi peke yake haitoshi. Katika Holiday in the Wild ya 2019, Kristin Davis ni mwanamke wa New York aliyeachwa na mume. Anakwenda Zambia peke yake, anamlea tembo yatima na kumpenda rubani, Rob Lowe. Mandhari yanapendeza, na Waafrika wamo. Ila nilipomaliza kuitazama nilimkumbuka tembo kuliko Mzambia yeyote. Mapenzi yalikuwa ya wageni. Wenyeji waliwasaidia tu kuyafikia.

A Naija Christmas ya Kunle Afolayan, iliyotoka Desemba 2021, niliitazama na shangazi yangu. Mama wa Lagos ana wana watatu watu wazima na hana mkwe hata mmoja. Anawatangazia: atakayeoa kwanza ndiye atakayerithi nyumba. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

“Umemsikia mwenzangu, mwanangu?” akaniuliza. Nikainama. Hakurudi kwenye mchele mpaka filamu ilipokwisha.

Rachel Oniga, aliyeigiza mama huyo, alifariki Julai mwaka huohuo, kabla filamu haijatoka. Alimpa mama yule ukali na huruma kwa pamoja, ndiyo maana shangazi alimtambua bila kuelezwa. Mapenzi kwetu hayaishii kwa wawili. Kuna mama anayesubiri wajukuu, kaka mwenye wivu, na nyumba ambayo kila mtu ana jicho nayo.

Filamu ninayoisubiri sasa inaanzia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, wiki ya Krismasi, Wachaga wanapopanda kurudi Kilimanjaro. Kijana anampeleka kwao Rombo binti wa Tanga aliyekulia kando ya bahari. Wanafika jioni, baridi imeanza kuuma, moto wa ndafu umekokwa. Mama anatoka mgombani, anamtazama mgeni mikono kabla ya uso, kisha anamsogezea kigoda, kisu na chane ya ndizi za kumenya.