Saa za Mwenye Tovuti: Utangulizi wa Elimu ya Tovuti za Wanachama

Mwaka 1731, mjini Philadelphia, Benjamin Franklin alizunguka kutafuta watu wa kuanzisha nao maktaba. Masharti yalikuwa wazi: shilingi 40 za kujiunga, kisha shilingi 10 kila mwaka, na fedha zote zinunue vitabu ambavyo fundi au karani asingeweza kuvinunua kwa mfuko wake mwenyewe. Mwanzoni watu walisita. Franklin alieleza baadaye, katika kumbukumbu za maisha yake, kwamba aligundua kikwazo ni yeye mwenyewe: watu hawakupenda kuchangia jambo litakalompa jirani yao sifa. Akajiweka kando, akawa anasema ni mpango wa marafiki kadhaa waliomtuma. Wanachama 50 wakapatikana, wengi wao vijana wa kazi za mikono na biashara ndogo.

Maswali makubwa ya uwanja ninaomkaribisha msomaji yamo humo ndani. Ada iwe ya mara moja au ya kila mwaka? Mtu aahidiwe nini kabla kitu chenyewe hakijawepo? Na mwenye wazo atumie wapi saa zake, kwenye vitabu au kwenye kubisha hodi milangoni?

Tovuti ya wanachama, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni ile ambayo sehemu yake au yote hufunguliwa kwa aliyelipa ada, na ada hiyo hujirudia. Mwalimu wa hisabati anayeuza masomo mwezi kwa mwezi anayo. Gazeti lililofungia makala zake linayo. Mfugaji nyuki anayewafundisha wenzake kwa video na kujibu maswali yao kila Jumamosi anayo pia. Muuza vitabu humaliza kazi siku ya mauzo, ilhali mwenye tovuti ya wanachama siku hiyo ndipo deni lake linapoanza: amekwisha kupokea fedha ya kazi ambayo bado hajaifanya.

Elimu hii haina nyumba moja chuoni. Vipande vyake vimetawanyika kati ya wachumi wanaochunguza tabia za walipaji, wasomi wa uandishi wa habari, na mafundi wa programu. Kikubwa kilichoandikwa kwa ajili ya wamiliki wenyewe kimetoka kwa wauzaji. Jeff Walker, Mmarekani aliyeanza na jarida la masuala ya soko la hisa miaka ya 1990, ana mbinu inayoigwa sana, nayo imo katika kitabu chake Launch cha mwaka 2014: toa masomo machache ya bure kwa mfuatano, amsha hamu, fungua mlango kwa siku chache, kisha ufunge. Mbinu hiyo hufanya kazi, na asiwepo wa kuidharau kwa sababu tu ina harufu ya mnada. Kasoro yake ni kwamba inapima siku ya uzinduzi. Uhai wa tovuti ya wanachama hupimwa mwezi wa kumi na moja.

Hesabu yake ni fupi. Chukua wanachama 100 waliojiunga siku moja. Wakiondoka watano katika kila mia kila mwezi, baada ya mwaka mmoja watabaki 54. Ukifanikiwa kupunguza wanaoondoka hadi watatu katika kila mia, watabaki 69. Hakuna tangazo lililotumika hapo wala uzinduzi wa pili. Ndiyo maana wanaoanza na swali la namna ya kuwavuta watu huwa nawarudisha kwanza kwenye hesabu hii.

Kwa nini watu hubaki? Jibu la haraka ni kwamba wanapata thamani ya fedha yao. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walilitia jibu hilo shaka katika makala yao ya mwaka 2006 iliyotoka katika American Economic Review. Walifuatilia kumbukumbu za wanachama zaidi ya 7,700 wa vituo vya mazoezi nchini Marekani. Waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda kituoni, kwa wastani, mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na pale pale kituoni palikuwa na tiketi ya ziara kumi ambayo ingewapa ziara moja kwa dola 10. Watu walinunua picha ya nafsi zao za kesho, kisha wakachelewa kujitoa.

Mfanyabiashara anaweza kuisoma makala hiyo kama ruhusa ya kuvuna wazembe. Wapo walioisoma hivyo hata bila kuiona. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Amazon kwa madai kwamba njia ya kujitoa katika Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia, ilifanywa ndefu makusudi. Ndani ya kampuni, kwa mujibu wa mashtaka, njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Kigiriki kuhusu vita virefu. Mwaka 2025 Amazon ilikubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5. Mimi naisoma makala ya vituo vya mazoezi kwa upande mwingine. Mwanachama asiyeingia tovutini hajaridhika, amesahau tu, na siku atakapokumbuka ataondoka na hasira. Kumsaidia atumie alichokwisha kulipia ni kazi kubwa kuliko kumwongezea kingine.

Hapa ndipo suala la kuokoa muda linapoingia, na ndipo waandishi wengi wanapolipotosha kwa kuligeuza orodha ya programu za kununua. Ninapendekeza mgawanyo wa namna nyingine: zipo saa ambazo mwanachama anazihisi, na zipo asizozihisi kabisa. Kufungua akaunti ya aliyelipa, kutuma stakabadhi, kurudisha nenosiri lililosahauliwa, kutoa somo la tatu wiki ya tatu: hakuna mwanachama anayekushukuru kwa kuyafanya kwa mkono, ingawa atalalamika yasipofanyika. Hayo yote yaachiwe mashine. WordPress, iliyotolewa Mei 2003, ina programu-jalizi nyingi za kulinda kurasa na kupokea ada. Ghost, iliyoanza kwa michango ya umma mwaka 2013, ilijengewa mambo ya uanachama ndani yake. Zapier, ya mwaka 2011, huunganisha programu zisizojuana, ili malipo yakiingia huku, jina liandikwe kule na barua ya makaribisho iondoke yenyewe. Majina haya yatabadilika. Kazi zenyewe zitabaki.

Kama fedha inatosha chombo kimoja tu, kiwe kile kinachofuatilia malipo yaliyoshindikana. Kadi ya benki hufikia ukomo, au salio halitoshi siku ya makato, na mwanachama anatoka bila kuamua kutoka. Mara nyingi hata hajui. Ujumbe mmoja wa adabu unaojituma siku hiyo hiyo, na wa pili siku chache baadaye, humrudisha mtu ambaye hakuwa na ugomvi nawe. Sijaona kifaa kingine chenye faida kubwa kwa jasho dogo namna hiyo.

Saa zinazohisiwa ni za aina nyingine. Jibu la swali la kwanza la mwanachama mpya ni mojawapo, na mazungumzo na anayetaka kuondoka ni nyingine. Akili mnemba inaweza kuandika majibu hayo kwa sekunde chache, tena kwa sarufi safi, nami sioni ubaya ikiandaa rasimu. Lakini mwanachama mgeni mara nyingi anauliza kuhusu kitufe huku akitaka kujua kama kuna mtu nyumbani. Wamiliki wengi hugeuza mambo juu chini: wanatumia usiku mzima kurekebisha rangi za ukurasa, kisha wanawawekea wageni majibu ya mashine kwa sababu hawana muda.

Kuna njia ya kuokoa muda isiyouzwa na kampuni yoyote, nayo ni kutengeneza vichache. Mwenye tovuti anaogopa kwamba akipunguza masomo wanachama watadai wamepunjwa. Kwa maoni yangu hatari iliyo kubwa zaidi ni ya upande wa pili, kwamba mtu mwenye kazi na watoto anafungua ukurasa, anakuta masomo arobaini yanamsubiri, anajiona amechelewa darasa, anaufunga. Somo moja kwa wiki linalokamilika lina nafuu kuliko maktaba inayotisha.

Sasa uzinduzi. Kisa ninachokipendelea ni cha gazeti la Kiholanzi, kwa kuwa ni watu wale wale waliozindua mara mbili. Mwaka 2013 Rob Wijnberg, aliyekuwa mhariri mkuu wa gazeti la nrc.next, alitangaza kwenye televisheni kwamba yeye na wenzake wanataka gazeti la mtandaoni lisilo na matangazo ya biashara. Hawakuwa na gazeti la kuonyesha. Walitaka watu 15,000 walipe yuro 60 za mwaka mzima, na lengo hilo walilifikia kwa siku nane. De Correspondent ilifungua milango Septemba mwaka huo na bado ipo.

Jay Rosen wa Chuo Kikuu cha New York, aliyeshirikiana nao katika mradi wa kuchunguza uanachama ulioanza mwaka 2017, alitenganisha mambo mawili ambayo kila mgeni wa uwanja huu anapaswa kuyatenganisha: anayenunua usajili anataka bidhaa, naye mwanachama analipa ili kazi anayoiamini ifanyike. Kwa imani hiyo Waholanzi waliingia Marekani Novemba 2018. Zaidi ya watu 45,000 wa nchi zaidi ya 130 walichanga dola milioni 2.6 kwa ajili ya The Correspondent ya Kiingereza, kila mmoja akilipa kiasi alichochagua. Hesabu ya siku ya uzinduzi ilipendeza sana. Machi 2019 ikafahamika kwamba hakutakuwa na ofisi Marekani na kwamba kazi itaendeshwa kutoka Amsterdam. Waliolipa wakidhani wanajenga chombo cha habari cha Kimarekani walijiona wamehadaiwa, na waanzilishi wakaomba radhi. Gazeti lilianza Septemba 2019. Mwisho wa mwaka 2020 lilifungwa.

Waanzilishi walitaja janga la korona na ugumu wa kuandikia dunia nzima habari zinazomgusa kila mtu. Sababu hizo zina uzito, wala sidai kwamba ofisi moja ingewaokoa. Hata hivyo tofauti kati ya uzinduzi wa kwanza na wa pili inafundisha. Mwaka 2013 Mholanzi alijua analipia nini: lugha yake, nchi yake, mhariri anayemfahamu. Mwaka 2018 kila mchangiaji alijaza pengo kwa matumaini yake mwenyewe, na maelfu ya matumaini tofauti hayatimizwi na chumba kimoja cha habari. Uzinduzi mkubwa uliojengwa juu ya ahadi pana hukusanya watu ambao wataanza kuondoka mara ahadi itakapopata umbo.

Dawa ya ugonjwa huo ni kuuliza mapema, tena kuuliza kwa bei. Joel Gascoigne, alipotaka kuanzisha Buffer, programu ya kupangia muda machapisho ya mitandao ya kijamii, mwaka 2010, alitengeneza kurasa mbili tu: moja inaeleza wazo, nyingine inakiri kwamba bado halijawa tayari na kuomba barua pepe. Watu walipoacha anwani zao, akaingiza kati ukurasa wa tatu wenye bei, aone nani ataendelea kubofya baada ya kuziona. Ndipo akaketi kuandika programu. Wiki saba zilitosha kuijenga, na siku nne baada ya kuifungua akapata wa kwanza aliyelipa. Mwenye tovuti ya wanachama anaweza kupunguza zaidi: akusanye watu ishirini kwa bei ya waanzilishi, awafundishe kwa simu na barua pepe mwezi mzima, aone wanakwama wapi. Hapo atajua ni kazi zipi za kuzikabidhi kwa mashine, kwa kuwa atakuwa amezifanya kwa mikono yake.

Jukwaa la mtu mwingine ni nyumba ya kupanga, na nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Desemba 2017 Patreon, jukwaa ambalo wafuasi huwachangia wasanii kila mwezi, ilitangaza kwamba kila mchango utaongezewa makato ya asilimia 2.9 na senti 35, yatakayolipwa na mchangiaji. Aliyezoea kutoa dola moja sasa angetoa dola 1.38. Wasanii waliotegemea michango midogo walishuhudia watu wakijitoa kwa wingi kabla hata utaratibu haujaanza, na katika muda wa wiki moja kampuni iliufuta na kuomba radhi. Mwenye tovuti anahitaji orodha yake mwenyewe ya anwani za wanachama. Orodha hiyo inakiliwe na kuhifadhiwa nje ya jukwaa tangu siku ya kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuusoma uwanja huu kwa jicho kali. Nadharia nyingi nilizozitaja zimejengwa juu ya kadi inayokatwa yenyewe, ambapo asiyefanya lolote huhesabika amebaki. Kwetu, ambako M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, malipo ya kawaida ya mtandaoni leo ni ujumbe unaotokea kwenye simu ukiomba namba ya siri. Asiyefanya lolote ametoka. Anayebaki mwezi wa pili ameamua upya, huku akilinganisha ada yako na bando la wiki. Mwaka 2024 Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba, inayomwezesha mteja kupanga malipo yajirudie bila kuguswa, na wamiliki wataitamani kwa sababu zinazoeleweka. Kabla ya kuhamia huko wapige hesabu ya miezi yao iliyopita, kwa kuwa mwanachama wa Mwanza au Mombasa aliyeingiza namba yake ya siri mara sita mfululizo ametoa ushahidi ambao kadi ya California haiwezi kuutoa. Makundi hayo mawili yasiwekwe kwenye jedwali moja la wanaobaki.